Mapigo Mawili Kifuani

Orval Teague alinyoa kila siku iendayo kwa Mungu, hata kule machimboni ambako wanaume walifuga ndevu mpaka zikaning'inia barafu. Watu wa mji wake, Pardee, walimcheka, wakasema anajirembesha kwa ajili ya mbwa. Wacheke tu. Mkewe, Zilpha, alikuwa kiziwi, na siku Orval alipokwenda kumposa alimwambia waziwazi kwamba haolewi na mtu ambaye mdomo wake umefichwa na masharubu, maana atajuaje kama anatukanwa au anasifiwa? Orval akaenda kwa kinyozi saa ileile. Tangu siku hiyo, kwa miaka ishirini na sita, hakuacha unywele uote juu ya mdomo wake.

Zilpha hakuzaliwa hivyo. Homa ya vipele ilimpata akiwa na miaka tisa, ikaondoka na masikio yote mawili. Sauti alibaki nayo, ila watoto wa shule waliigeuza mchezo, basi akaifungia ndani na hakuitoa tena. Nyumbani yeye na Orval walizungumza kwa mikono. Haikuwa ile lugha ya shule za viziwi. Ilikuwa yao wenyewe, waliyoiunga kidogokidogo jikoni: kidole puani ni mwenye hoteli, viganja viwili shavuni ni uchovu, na mengine ambayo hayaandikiki. Orval, ambaye mbele za watu alitoa maneno kama anayeng'olewa jino, kwa mikono alikuwa domo kaya. Mara nyingi Zilpha alimwambia anyamaze kidogo ili wale.

Kazi ya Orval ilikuwa kupeleka barua. Majira kumi na tisa ya baridi alitoka stesheni ya Pardee na sleji yake ikiburutwa juu ya theluji na mbwa saba, akapanda milima hadi machimbo ya dhahabu, siku mbili kwenda na moja na nusu kurudi. Mbwa wa mbele katika miaka ya mwisho aliitwa Seneta. Jina hilo alilipata utotoni, kwa kuwa alikula sana, alilala sana, na ukimgusa alinguruma kama mheshimiwa aliyeulizwa kodi zimekwenda wapi.

Mama yake Seneta alikufa akizaa, na Zilpha ndiye aliyemlea, kikapuni nyuma ya jiko, akimnywesha maziwa kwa ncha ya kitambaa. Kwa vile hakutaka kumwita kwa sauti, alimfundisha ishara: kaa, lala, tema hicho ulichoiba. Ishara kubwa kuliko zote ilikuwa kupiga kifua kwa kiganja mara mbili. Maana yake ilikuwa njoo kwangu, sasa hivi, bila maswali. Alimfundisha hiyo kwa sababu ya reli iliyopita nyuma ya nyumba. Seneta akiiona aliacha mfupa, aliacha ugomvi, aliacha hata jike la jirani, akaja mbio na kuegemeza kichwa palepale palipopigwa. Hakuwahi kuikataa, kwa sababu haikuwahi kumdanganya. Zilpha hakumwita hivyo hata siku moja ili amwogeshe au amfunge kamba.

Mwaka 1922 machimbo yalifungwa, na watu wa posta wakamshukuru Orval kwa barua fupi. Mbwa sita wakauzwa. Yeye mwenyewe, mtu aliyejulikana kila kibanda cha mlimani, akawa mpasua kuni wa hoteli. Alipasua vizuri. Lakini alitembea mjini akiwa ameinamisha kichwa, na Zilpha akaona kwamba hata mikono yake nyumbani imeanza kuwa na maneno machache.

Ndipo wakaja watu wa sinema.

Walikuja kwa treni, mabehewa mawili ya watu na matatu ya mizigo, kutengeneza picha ya kitabu ambacho kila nyumba ilikuwa nacho siku zile: mtafuta dhahabu anakwenda Kaskazini ya mbali, anadhulumiwa, anapotea, na anaokolewa na mbwa aitwaye Radi. Kaskazini yenyewe walikuwa hawaitaki, kwa kuwa baridi yake haina hoteli. Milima yetu ya Kalifornia ilitosha. Mkuu wa picha, Bwana Lyle, kijana mwembamba mwenye koti la ngozi, alimwona Seneta amelala mlangoni pa hoteli akikataa kuwapisha wageni. Akamruka, akageuka, akamtazama tena.

"Mzee, huyu mbwa ni wako?"

"Ni wa mke wangu," Orval alisema. "Mimi ni mpangaji tu."

Siku ile ile Seneta akawa Radi, na Orval akawa mwalimu wa Radi. Sinema za wakati huo hazikuwa na sauti, hivyo mtu aliweza kupiga kelele apendavyo. Orval alisimama nyuma ya kamera na kupaza sauti: geuka, nguruma, lala ufe. Seneta aligeuka, akanguruma, akafa. Bwana Lyle alishangilia kwenye bomba lake la kusemea. Mpiga picha, Mjerumani mmoja aitwaye Pohl, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungusha mkono wa kamera kwa mwendo uleule liwalo na liwe, alisema huyo mbwa ana akili kushinda waigizaji wote, na hakuna aliyebisha isipokuwa waigizaji.

Nyota wa picha alikuwa Clifton Hale, mwanamume mzuri kweli, ila aliogopa maji, urefu, farasi na mbwa. Orval alikuwa na umbo lake. Basi kila palipokuwa na hatari walimvika Orval koti la Hale na kofia ya manyoya, na kwa mbali usingewatofautisha. Watu wa Pardee wakaanza kumwita nyota. Kinyozi akakataa malipo yake. Mwenye hoteli, ambaye majuzi tu alikuwa akimpigia mluzi alete kuni, sasa alimvutia kiti. Orval akainua kichwa. Usiniambie hilo ni jambo dogo kwa mtu wa miaka hamsini na mitatu.

Zilpha alikwenda kutazama siku mbili za mwanzo. Tatizo, Seneta kila akimwona aliacha kazi akamkimbilia, na picha ikaharibika. Bwana Lyle akaomba kwa adabu mama abaki nyumbani. Zilpha hakukasirika. Jioni ile alimsimamisha Orval jikoni, akamwambia kwa mikono, polepole, kama anavyoambiwa mtoto anayetumwa dukani:

"Mfundishe chochote unachotaka. Lakini ile ya kifua usiipeleke kule. Ile si ya kazi."

"Sitaipeleka."

"Siku moja itamwokoa. Ukiitumia kwa mchezo, itakufa."

"Nimekwambia sitaipeleka, mama."

Mwisho wa Februari ikabaki picha moja kubwa. Mtafuta dhahabu ametumbukia ziwani, barafu imevunjika, anakaribia kufa, na Radi anavuka ziwa zima kwenda kumvuta. Walikata tundu karibu na ukingo, kwa msumeno, wakazamisha benchi ndani ili Orval asimame juu yake, maji yakimfika kiunoni. Chini ya koti alifungwa kamba, na ncha yake ilishikwa na wanaume watatu nyuma ya mawe. Mtu alitunzwa vizuri. Seneta angeachiwa upande wa pili wa ghuba ndogo, hatua mia moja na hamsini.

Ila upepo wa joto ulikuwa umevuma siku mbili mfululizo. Mtu aliyepeleka barua miaka kumi na tisa haambiwi barafu ni nini. Orval alitazama katikati ya ghuba, pale kijito kinapoingia, akaona weupe umegeuka kijivu.

"Pale hapafai," alimwambia Bwana Lyle. "Tungoje baridi irudi."

"Juzi ulisema inabeba farasi."

"Juzi hakukuwa na upepo."

Bwana Lyle alishusha bomba lake. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwa sababu mtu mkali ungeweza kumkasirikia. "Mzee Teague, nina leo na kesho tu. Ukiniambia mbwa hawezi, sitakulazimisha. Nitapiga simu Los Angeles, kesho waniletee mbwa mwingine na mtu wake. Wewe utapumzika. Umefanya mengi."

Utapumzika. Orval alijua mapumziko hayo. Aliliona mawazoni lile shoka nyuma ya hoteli. Akatazama ukingoni, ambako nusu ya mji ilikuwa imekuja na mablanketi na chupa za kahawa kumwona Mzee Teague akiigiza. Akajiambia Seneta ni mwepesi. Akajiambia atapita upande wa kushoto, ambako bado peupe. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

"Anaweza," alisema.

Akaingia tunduni. Pohl akaanza kuzungusha. Ng'ambo, msaidizi wa kamera akamwachia Seneta.

"Njoo!" Orval aliita. "Njoo, mzee, njoo!"

Seneta alikuja mbio hatua hamsini, akafika penye kijivu, akasimama. Alishusha pua. Akaweka mguu mmoja, akauondoa. Kisha akakaa chini, akamtazama Orval, masikio yake yamesimama, kama anayesema bwana wee, hata wewe unajua.

Orval aliita mara ya pili. Mbwa akalia kidogo, akageuza kichwa ukingoni, akarudisha, asijongee. Pale ndipo mtu mwingine angeonyesha huruma. Kamera ilikuwa inazunguka, picha ya mbwa anayesita ingefaa pia. Orval angesema basi, imetosha, na yule mbwa angezunguka kwa ukingo, arudi nyumbani kula.

Lakini watu walianza kucheka.

"Seneta amekataa kupiga kura!" mwenye hoteli alipaza sauti, na ukingo mzima ukaangua kicheko.

"Mzee, mwandikie barua," mwingine akasema. "Labda atasoma."

Hale mwenyewe, amekaa kwenye kiti chake na blanketi magotini, alitabasamu. Bwana Lyle akaangalia saa. Wiki kumi Orval alikuwa amejigamba kila baraza kwamba mbwa huyu hanikatai, hajazaliwa wa kumfanya anikatae. Akainua kiganja chake kilicholowa. Akajipiga kifuani mara mbili.

Seneta aliinuka papo hapo. Hakunusa tena, hakusita. Alikuja moja kwa moja, mkia juu, kwa furaha, naomba uelewe hivyo, kwa furaha, kama anayekwenda nyumbani. Alivuka hatua kumi na tano za kijivu. Ya kumi na sita ikamfungukia.

Orval akapiga kelele, sasa kelele za kweli, akaruka kutoka kwenye benchi na kuparamia barafu kwa tumbo. Ilianza kukatika chini yake, na wale watatu nyuma ya mawe wakafanya walichoambiwa wafanye. Wakavuta. Alipiga mateke, akawatukana, akakwaruza barafu mpaka kucha mbili zikang'oka, lakini walikuwa wanaume watatu wazima. Kila Seneta alipoweka miguu ya mbele ukingoni, ukingo ulimeguka. Hakuwa akihangaika kurudi alikotoka, ambako palikuwa karibu. Alihangaika kuelekea palipopigwa kifua. Dakika nne, Pohl alisema baadaye, naye alikuwa mtu wa kuhesabu mizunguko. Kisha maji yakatulia.

Ukingoni hakuna aliyecheka tena. Bwana Lyle alivua kofia, akamfunika Orval koti lake la ngozi, na nadhani alisikitika kweli. Kisha akamgeukia Pohl na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Umepata?" Pohl akaitikia kwa kichwa.

Zilpha alimwona mumewe akiletwa na watu wawili, amelowa, peke yake, akajua kabla hajaambiwa. Alimkalisha karibu na jiko. Alimwacha atetemeke mpaka aweze kusogeza vidole.

"Alitumbukia mwenyewe," Orval alimwambia. "Barafu ilikuwa mbovu. Nilimwambia rudi. Nilipiga kelele rudi, rudi, hakusikia."

Zilpha alifikiri. Akauliza, "Na mikono?"

"Nilikuwa nimeshika kamba. Sikuwa na mikono."

Alimwamini. Alilia kwa ile sauti yake aliyoificha miaka yote, na Orval akaisikia, maana yeye masikio alikuwa nayo. Baadaye akachukua mafuta ya bata, akaanza kumpaka vidole vilivyong'oka kucha, kimoja kimoja. Alimpaka kila siku kwa wiki tano. Kila akimaliza aliibusu ile mikono na kumwambia, usijilaumu, waovu ni wale. Orval angeweza kusema siku yoyote kati ya hizo. Angefikia neno la kwanza, kisha akiitazama mikono yake mwenyewe mapajani pa mkewe, anapoteza nguvu. Uongo wa siku ya kwanza ungeweza kusamehewa. Wa wiki ya tano tayari ulikuwa umepakwa mafuta mengi.

Picha iliwasili Pardee mwezi Oktoba. Ingeonyeshwa ukumbi wa mji, Jumamosi saa nane mchana, na viti vya mbele viliwekwa kwa ajili ya wakazi walioonekana ndani yake. Orval akasema hataki kwenda.

"Mimi nataka," Zilpha alisema.

"Wametumia mbwa mwingine. Wamekata yote."

"Yote?" Alimtazama. "Sina hata picha yake moja, Orval. Nataka kumwona anatembea. Hata kidogo tu."

Akavaa gauni lake la kijani. Njiani Orval alisimama mara mbili kana kwamba kiatu kinamsumbua, na mara zote mbili Zilpha alisimama akamngoja kwa uvumilivu, akiitazama mikono yake, huenda ikasema kitu. Haikusema.

Seneta alikuwepo. Alikuwepo katika kila picha, mkubwa kama nyumba, akitingisha mkia, akipiga miayo. Zilpha alicheka, akaushika mkono wa koti la Orval, akaubana, hakuuachia. Binti wa mchungaji alipiga kinanda. Kisha likaja ziwa. Hale alionekana kwa karibu, midomo ikimtetemeka vizuri. Halafu kamera ikarudi mbali, na yule aliyesimama majini kiunoni alikuwa Orval, na ng'ambo mbwa alikuwa amekaa.

Maandishi yakatokea, meupe juu ya weusi: RUDI, RADI! USIJE! BARAFU ITAKUUA!

Orval aliyasoma, na kwa kitambo kidogo akapumua. Watu wa sinema walikuwa wameandika uongo wake neno kwa neno, bila kuujua. Mji mzima ungeusoma. Hata waliokuwepo ukingoni wangesema siku moja kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kisha maandishi yakaondoka, na mtu wa majini akainua kiganja, akajipiga kifuani. Mara mbili. Wanawake wakaanza kutafuta vitambaa. Waliona mtu mwema anayejipiga kifua kwa uchungu kwa sababu rafiki yake hataki kumwacha. Mbwa akainuka, akaja mbio.

Mkono wa Zilpha uliuachia mkono wa koti. Hakuondoka, hakugeuka. Alitazama mpaka mwisho: barafu ikafunguka, kisha ghafla mbwa akatoka majini mzima, mbwa mwingine, kifua kimepakwa unga kiwe cheupe kama cha Seneta, akamvuta Hale, na baadaye akavikwa nishani. Watu waliomwona Seneta akizama kwa macho yao walisimama wakapiga makofi. Mwenye hoteli aliinama kutoka kiti cha nyuma akamshika Orval bega, machozi yakimtoka.

"Mzee," alisema, "pale ulipojipiga kifua, nimeshindwa kujizuia. Ulifanyaje ikawa ya kweli vile?"

Nje jua lilikuwa bado juu. Orval alimkimbilia Zilpha barabarani, akamzunguka akasimama mbele yake, akaanza. Mikono ilikuja yote kwa pamoja: upepo, shoka, watu wanacheka, niliogopa, nilitaka, nisamehe, kila siku nilitaka kusema. Zilpha aliitazama ile mikono kwa muda mfupi. Kisha akafumba macho.

Alisimama hivyo katikati ya barabara, watu wakiwapita, na Orval hakuwa na njia nyingine ya kumfikia. Alinyamazisha mikono. Zilpha akafumbua macho, akaenda nyumbani, akabandika viazi.

Waliishi pamoja miaka kumi zaidi. Hakumhama, hakumnyima chakula, hakumsengenya kwa mtu. Walizungumza kuhusu kuni, chumvi, paa linalovuja. Orval aliendelea kunyoa kila siku. Lakini kila mikono yake ilipoanza kuelekea siku ile, hata kwa mbali, hata kwa kuanzia na hali ya hewa, Zilpha alijua kabla yake, na alifumba macho mpaka imalize. Simjui mwanamume anayeweza kubishana na kope.

Mapafu ndiyo yaliyomchukua Orval, mwezi Machi mwaka 1934. Asubuhi ya mwisho jirani aliyekuja na supu alikuta mikono ya mgonjwa ikienda juu ya kifua chake, ikisema na kusema, vidole vile viwili visivyo na kucha vikichelewa nyuma ya vingine. Akaenda jikoni kumgusa Zilpha bega ili aje aone, maana yeye haelewi, huenda mzee anaomba maji.

Zilpha alikuja, akaketi kitandani. Safari hii hakufumba macho. Aliichukua mikono yote miwili katikati ya neno, akaishika mpaka ikaacha kushindana naye, kisha akaiingiza chini ya blanketi na kulikunja vizuri pande zote, isipate baridi.